Usimpe Mama Mgongo

"Mshike mkono, Nobert. Usimshike kama spana," nilisema nyuma ya kamera, na Martine akacheka mpaka kitenge kikamteleza begani. Kicheko hicho ndicho nilichokuwa nakiwinda. Jua lilikuwa limekaa ukingoni mwa Rwenzori, jekundu kama kaa la moto, na nyasi za bustani ya mji zilikuwa zimeanza kushika rangi ya asali. Wachumba hao niliwasimamisha wakiwa wameupa mlima mgongo, kama nilivyowasimamisha wengine wote, ili mwanga uwazungushie uzi wa dhahabu.

Nilikuwa naijua kazi yangu, nalisema bila haya. Watu walinifuata Kasese kutoka Kilembe, kutoka Bwera, hata kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa sababu walisikia kwamba ukipigwa picha na Mackline utajipenda.

Nobert alikuwa fundi wa pikipiki, Mkonzo mwenzangu, kijana wa maneno machache. Martine aliuza vitenge Bwera pamoja na baba yake. Walikuwa wamekimbia vita vya Beni, huko Kongo, yeye akiwa bado msichana wa shule.

Ndipo bodaboda ikakata kona na kuingia moja kwa moja kwenye nyasi. Mzee mrefu mwenye koti akashuka kabla haijasimama.

"Papa," Martine alisema, akauachia mkono wa Nobert.

Habari za Papa Stanislas nilikuwa nazo. Mkewe, Marlène, alizikwa Beni katika siku ambazo watu hawakupata nafasi ya kulia, na mzee aliapa juu ya kaburi lile kwamba binti yao hataolewa kabla hawajarudi kumwambia mama yake. Miaka ikapita, na barabara ya kurudi haikutulia. Nobert alipeleka wazee wake Bwera kuposa. Wakapewa chai, wakarudishwa. Akawapeleka tena, chai ile ile, jibu lile lile. Mwishoni wapenzi wakaamua wapige picha, wachapishe kadi za mwaliko, wagawe mji mzima. Mzee akikuta kila mtu amealikwa, atasema nini? Lakini Bwera haina siri, na mzee alikuwa amewahi.

"Nani alikuambia upige mutoto yangu foto?" Aliniuliza mimi, si wao.

"Yeye mwenyewe, Papa."

"Yeye iko na mama. Mama yake hajaambiwa."

Nobert akasogea mbele. "Mzee, mimi sikujificha. Nilikuja kwako."

"Na nilikuambia ungoye."

"Tutangoya mpaka lini, Papa?" Sauti ya Martine ilikatika. "Kila siku mu ndoto nafika ku kaburi. Naamuka, niko Bwera."

Mzee alilitazama jua, akautazama mlima, kisha akawatazama wale wawili pale nilipowasimamisha, na uso wake ukakunjamana.

"Na juu ya nini umebasimamisha hivi? Nyuma ya mulima ile ni Beni. Munamupa mama mugongo!"

Mtu mwingine angesikia hasira tu. Mimi nimekula mkate wangu kwa kusoma nyuso za watu, na nilijua kwamba baba aliyeikataa harusi hajali bibi harusi ameelekea wapi. Nikashusha kamera.

"Basi waweke wewe, Papa. Lakini upesi. Jua halina subira."

Alisita. Nikadhani nimekosea. Kisha akavua kofia, akamshika binti yake mabega, akamgeuza taratibu kuelekea mlima. Akamgeuza na Nobert, tena kwa nguvu kidogo, kama mtu anayesukuma mlango uliokwama. Akauchukua mkono wa kijana, akautia ndani ya mkono wa Martine.

Sasa jua lilikuwa likiwapiga usoni, mwanga ambao sikuwahi kuuchagua. Walikunja macho. Nikangoja hadi nusu ya jua ilipomezwa na mlima, macho yao yakafunguka. Mzee alikuwa kando yao akinong'ona. Kinande chake na Lhukonzo yangu ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo nilielewa: "Marlène, ni huyu. Anaitwa Nobert. Anatengeneza pikipiki."

Martine alisikia pia. Hapo ndipo nikabonyeza.

Picha hiyo leo imetundikwa dukani kwao Bwera, juu ya marobota ya vitenge, na walifunga ndoa katika kanisa lililo hatua chache kutoka hapo. Wateja wangu walioiona huniuliza mbona maharusi wanalia na kucheka kwa pamoja. Huwaambia jua lilikuwa kali.

Lakini ninachokikumbuka zaidi hakimo pichani. Giza lilipoanza kuingia, tuliona kwamba bodaboda iliyomleta mzee ilikuwa imechoka kusubiri na kwenda zake.

"Nitakupeleka, Papa," Nobert alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Mzee aliikagua pikipiki ya Nobert mbele na nyuma, akakoroma, akapanda. Alikaa wima, mikono juu ya mapaja, asimguse mtu. Martine na mimi tulisimama getini tukiwatazama wakiishika barabara ya Bwera. Walipofika kwenye shimo la kwanza, Papa Stanislas akamkumbatia Nobert kiunoni kwa mikono yote miwili, na hata barabara iliponyooka hakuiondoa mikono hiyo.