Tausi wa Njia ya Bafwasende

Hemedi hakuwa na darubini, hakuwa na bunduki, hakuwa na diploma, wala viatu vya kuingilia msituni. Fundi cherehani huyu wa Kisangani aliwafuata ndege tangu ujana, na kila kijiji alichopita aliwauliza wazee habari za misafara ya mababu zake waliotoka pwani. Ndege aliwaita kwa kuigiza sauti zao. Karibu na njia ya Bafwasende walikuwapo tausi wawili wa msituni, dume na jike, waliomwitikia jioni tangu kabla ya uhuru. Kwa ombi lake, wanakijiji wa pale waliacha kutega upande ule.

Waasi walipouteka mji, alikimbilia msitu huohuo na mkewe Aziza, binti yao Asha aliyekuwa ananyonyesha, na rafiki yake Zéphirin, mvuvi wa maporomoko. Muhogo uliisha. Maziwa ya Asha yakakauka.

"Papa Hemedi," akasema Zéphirin, "weye unaita, bale ndege banakuya. Mie naweka mutego. Bon, tunakula."

"Wale hapana."

"Hapana, hapana! Mutoto akikufa, bale ndege batakuya ku matanga?"

Asha alimtazama baba yake, mtoto kifuani. Hemedi akaita. Tausi wakaitikia, wakaja wakitembea bila wasiwasi hadi mtegoni.

Zéphirin alishika kisu, Aziza akamzuia. "Tonton, ukichinja weye, siye Waislamu hatukule. Achinje Hemedi mwenyewe."

Hemedi akawaelekeza Kibla, akataja jina la Mungu, akawachinja wote wawili. Nyama ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililomtesa baadaye: aliomba aongezewe mchuzi.

Maziwa ya Asha yalirudi, mtoto akapona. Vita vilipotulia, Mademoiselle Claire, katibu wa chama cha kulinda wanyama huko Leopoldville, aliyesikia habari za tausi hao, alimwandikia: chama kiko tayari kuiomba serikali iulinde ule msitu na Hemedi aandikwe msimamizi wake, mradi athibitishe kuwa tausi wake bado wapo.

Alirudi kule, akaita mpaka koo likakauka. Kimya. Mzee wa kijiji, Wenceslas, alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda mno.

"Papa, tulikula mizizi, tulikula majani. Kule kwako hatukutega hata siku moja. Bale tausi banaimba bado?"

Hemedi aliangalia chini, akaaga.

"Andika iko," Zéphirin alimwambia mjini. "Nani atakuya kuangalia? Ukisema hapana, batakata musitu yote."

Hemedi alijua hivyo. Asubuhi nzima alikaa na karatasi, neno "wapo" likimjia mkononi. Lakini kila alipoinua kalamu aliiona shingo ya Wenceslas, mishipa imemtoka. Mwishowe akaandika: "Tausi hawapo. Niliwaita mimi, nikawachinja mimi, nikawala. Wanakijiji walishinda njaa wasiwaguse. Kama mnatafuta watu wa kukabidhi msitu, ni wao. Jina langu lifuteni."

Akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kidole gumba, akateremka bandarini kumkabidhi karani wa posta kabla meli haijang'oa nanga.