Kanuni ya Marehemu Krum

Watu wa ofisi ile ya kuunda programu za kompyuta, mjini Plovdiv, walikuwa na tabia moja mbaya, na hakuna aliyewakanya: mifano ya kuweka kwenye miongozo yao waliichota kwenye mtandao wao wenyewe. Mtandao wa majaribio ulikuwapo, lakini ulikuwa mtupu, na nani ana muda wa kuujaza? Basi Radostina, ambaye wote walimwita Rada, alipopewa kazi ya kuandika mwongozo wa programu inayoorodhesha kanuni za kuzuia mafaili, akafanya kama wenzake. Akaiamuru programu imwonyeshe kila kanuni iliyolinda ofisi: inazuia faili la aina gani, likitoka wapi, likienda kwa nani, na mwenye kanuni ni nani.

Orodha ikashuka. Mafaili ya kuendesha programu, yazuiwe. Mafaili yaliyofungwa kwa nywila, yazuiwe. Rada alikuwa anapiga miayo. Mara akaona jina la mumewe.

Krum alikuwa mlinzi wa mtandao wa ofisi hiyo hiyo, na walimzika majira ya baridi. Kanuni yake ilizuia mafaili yote ya sauti yaliyotoka kwenye kompyuta yake mwenyewe kwenda kwa mtu mmoja tu: Rada. Penye nafasi ya maelezo alikuwa ameandika, "Rada, usifungue. Huyo si mimi." Pembeni, programu ilionyesha mara ya mwisho kanuni hiyo kuzuia kitu. Ilikuwa asubuhi ile ile, Rada alipokuwa anakunywa kahawa.

Jamani, mtu umemtupia udongo kwa mkono wako, leo anabisha hodi kazini! Rada akatoka nje, akampigia simu mama mkwe wake, Stoyna, kijijini ambako Krum aliugulia mpaka akafa.

Stoyna hakushangaa hata kidogo. Alisema kompyuta ya mwanawe inawaka mpaka leo, kando ya taa ya picha za watakatifu. Kwao, alichokiacha marehemu kikiwaka hakizimwi mpaka ipite ibada ya kumkumbuka baada ya nusu mwaka. Ibada yenyewe ilikuwa Jumamosi. Ngano ya kuchemsha na kuwagawia watu siku hiyo alikwisha kuichagua, na karatasi za tangazo zenye picha ya Krum zilikwisha kubandikwa mlangoni.

"Jumamosi nitaizima, mwanangu," alisema. "Na fundi kaniambia ikizimwa haiwaki tena, na yaliyomo yote yamepotea."

Basi hapakuwa na mzimu. Ilikuwa mashine tu, imeachiwa rekodi za kutuma, na kila ikikataliwa inajaribu tena. Rada alilijua hilo, lakini alijua pia ni nani aliyezirekodi. Uvimbe ulipomwingia Krum kichwani, ulimgawa watu wawili. Asubuhi alikuwa yule yule, mtu wa mizaha, anaomba mtindi na kumshika mkewe mkono. Ikifika alasiri anakuja mwingine, anamwita Rada malaya, anamwita mchawi, kwa sauti iliyomfanya hata mamake azibe masikio. Huyo wa alasiri ndiye aliyerekodi. Wa asubuhi, masikini, akaamka, akaona yaliyoandaliwa kutumwa, akafunga njia upesi.

Lakini je, kama katikati ya matusi yale imo moja ya asubuhi? Moja tu, anamwita kwa jina lake? Picha za Krum Rada alikuwa nazo, sauti hakuwa nayo popote. Alikuwa ameanza kuisahau, na hilo lilimtesa kuliko kaburi lenyewe.

Na kuipata hakukutaka hata kunyanyua kidole. Mkuu wao, Momchil, alikuwa ameagiza kwamba kila kanuni isiyo na mwenyewe aliye hai ifutwe jioni ile, kabla mwongozo haujatoka. Rada akae kimya tu, Momchil afute, na kesho yake mume angeingia mwenyewe. Nani angemlaumu? Alikaa na wazo hilo mchana kutwa, mkate wake wa jibini umepoa mezani, hakuugusa.

Jioni Momchil akaja akitania kwamba mwongozo wa Rada ni mrefu kuliko mahubiri ya padri wao. Akainamia skrini, akaliona jina, na mzaha ukaishia hapo. Akasema kwa upole kwamba kanuni hiyo ataifuta yeye, Rada asijitie uchungu.

Kwa Rada, kuitikia kwa kichwa tu kungetosha. Alitaka kuitikia, alitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Akavuta kibodi, akalifuta jina la Krum penye nafasi ya mwenye kanuni, akaandika lake.

"Ni yangu sasa," akasema. "Iache."

"Sawa, lakini lazima niandike sababu. Inazuia nini?"

"Sauti ya Krum. Kompyuta yake bado inanitumia."

Momchil akavuta kiti, akaketi. "Rada, mumeo anakuja, wewe unamfungia mlango?"

Rada akaanza kulia, kwa sauti, mbele ya watu wote, wala hakujificha.

"Aliyefunga mlango ndiye mume wangu," akasema. "Huyo anayebisha simjui."