Usingizi wa Mwantumu Kabla ya Siku Zake

Mchana huu, baada ya kumfokea binti yake Raya kwa kumwaga uji, hata mtoto akaenda kujificha uvunguni, Mwantumu anajitupa mkekani akilia, na machozi hayajakauka usingizi unamchukua. Amekaribia kuingia mwezini, na kila mwezi huwa hivi: matiti yanauma, redio ya jirani inamkera, jambo dogo linamliza. Mumewe, Jabu, ametoka akisema, ndizo hizo siku zako, mimi simo. Sasa Mwantumu yuko barabarani, na barabara haina mwisho, inakunja kona, inarudi mlangoni kwake, inajinyoosha upya, na ubavuni mwake anatembea mtu aliyejitanda kanga, mahali pa uso pamejaa ukungu. Tunakwenda wapi? anamuuliza. Unakokwenda kila mwezi, anajibiwa, ila leo umefumbua macho. Wanaingia mji ambao kuta zake zote ni vioo, na katika kioo cha kwanza Mwantumu anajiona ana meno marefu, mtoto anamkimbia. Mimi ni mama mbaya, anasema, na kujifunika uso. Yule mtu anamvuta mkono, kuta zinasogea, kioo kingine kinaonyesha alfajiri: mwanamke anachota maji, anapika, anamwogesha mama mkwe aliyepooza, anashinda cherehani, anarudi kupika tena, na nyumba nzima imekaa ikingoja sahani. Huyu nani? anauliza yule mtu. Ni mimi, siku za kawaida. Hana hasira? Mwantumu anasogea karibu, anatazama sana. Anayo, anasema polepole, anaimeza. Basi siku zile haziizai hasira, anasema yule mtu, siku zile koo tu ndilo linalokataa kumeza. Kioo kinafunguka kama pazia, na ndani yuko mama yake, bado kijana, machozi yanamtoka, akimnong'oneza Mwantumu mdogo, aliyevunja ungo jana tu: ficha vitambaa, usimwambie mtu, vumilia. Mama, kumbe na wewe ulikuwa unalia, mbona hukuniambia? Mama anageuka. Nani aliniuliza, mwanangu? Na vioo vyote vinayeyuka, vinatiririka, vinamfika kifuani.

Anashtuka, na Jabu amerudi, amechuchumaa kando ya mkeka, Raya kamlalia begani. Ulikuwa unalia usingizini, mama Raya. Nimemtisha mtoto, anasema Mwantumu, nitamwomba radhi. Lakini nimechoka, baba Raya, na uchovu huu si wa siku mbili tatu. Jabu anamweka mtoto vizuri begani. Kisha anasema kwa sauti ya chini, nieleze. Siku hizo huwa unajisikiaje? Tangu waoane hajapata kumuuliza. Mwantumu anajifinya mkono, unauma, lakini hata kule alikotoka kulikuwa na maumivu, na hajui kama amezinduka au barabara imekunja kona nyingine tu. Anajivuta, anampa mumewe nafasi mkekani, na kuanza kumweleza.