Jinsi Kiboko Radi Alivyovuka Korongo

Katika nchi ya Bondeni mfalme alikuwa Kiboko, waziri alikuwa Kinyonga, na askari walikuwa mamba. Wengine wote walikuwa raia, na kazi yao ilikuwa kupiga makofi. Mto ulikuwa mali ya mfalme, maana ndimo alimolala. Mwenye kiu alisubiri ageuke.

Kiu hiyo ilitulizwa kwa katuni. Kila mwezi ulipoandama lilitoka toleo jipya la Kiboko Radi, shujaa mwenye mabawa na kiuno chembamba, anayetema moto na kufyeka mazimwi. Tusidanganyane, katuni ile ilikuwa tamu. Rangi ziliwaka, mapigano hayakupoa, na toleo lilikatika pale pale zimwi linapoinua shoka, ukalala roho juu. Ila humo ndani hakuna aliyekula, hakuna aliyezika mtu, na adui hakupewa neno hata moja kabla ya kukatwa kichwa. Wasomaji hawakujali. Nani ana muda wa kulisikiliza zimwi?

Mchoraji alikuwa Nungunungu, mama wa makamo, aliyechora kwa miiba ya mgongo wake mwenyewe. Kaka yake alisimama siku moja barazani akauliza, "Maji yetu yako wapi?" Mamba walimla mchana kweupe. Kesho yake Kinyonga alibisha hodi kwa Nungunungu, tabasamu usoni.

"Pole na msiba, mama. Toleo lijalo tunataka Zimwi la Miiba. Vichwa saba, na mfalme avikate vyote."

Alichora. Angefanyaje, na binti wa marehemu yumo nyumbani mwake, anamtegemea yeye? Toleo lilipotoka, binti yule alilikumbatia akicheka. "Shangazi, Radi kalichinja zimwi! Limeungua mpaka miiba!" Nungunungu akamwambia, "Vizuri," kisha akaenda nyuma ya nyumba, akaapa kwamba Kiboko atalipa.

Kiangazi kikawa kikali, raia wakaanza kunung'unika. Baraza likaitwa.

"Waonyeshe, Mtukufu," akasema Kinyonga. "Ruka Korongo Kuu mbele ya umma, kama kwenye katuni. Nani atathubutu kumdai maji mfalme anayeruka?"

Alikuwa anasifu tu, kama kawaida yake. Hakutegemea kusikilizwa. Lakini Kiboko alikuwa ameyasoma matoleo yote kuliko mtoto yeyote wa nchi ile.

"Lile la korongo niliruka vizuri sana," akasema, na mchoraji akaitwa. "Wewe mama, nilivukaje?"

"Kisanduku cha kwanza uko ng'ambo hii, Mtukufu. Cha pili uko ng'ambo ile."

"Na katikati?"

Hapo angeweza kusema kweli: kwamba kati ya picha na picha hamna kitu, ni karatasi tupu, na msomaji ndiye anayemvusha shujaa kwa akili yake. Ndiyo ujanja wote wa kazi ile. Lakini alimkumbuka kaka yake.

"Katikati hajawahi kuuliza mtu, Mtukufu. Hata watoto wanajua uliruka."

Baraza zima likapiga makofi.

Siku ya siku, Kiboko alivishwa mabawa ya makuti. Alikimbia, ardhi ikatetemeka, akaruka. Nisimnyime haki yake, aliruka kidogo. Kishindo kilichelewa kusikika, maana korongo lile lina kina. Raia mmoja akaelekea mtoni, na wengine wakamfuata.

Likatoka toleo la mwisho. Kisanduku cha kwanza, Kiboko yuko ng'ambo hii. Cha pili, cheupe. Cha tatu, nungunungu wa kawaida, kichwa kimoja, anauliza, "Maji yetu yako wapi?"

"Shangazi, huyu mbona kama baba?"

"Ndiye."

"Na lile zimwi la miiba?"

"Ni yeye, walimfanya zimwi. Nilichora mimi, mwanangu, kwa woga."

Binti akalichukua lile toleo la zamani, akalitia jikoni, akakaa kulitazama likiungua.

Jioni Kinyonga akabisha hodi, tayari ana rangi ya Nyati.

"Mama, mfalme mpya naye angependa mabawa."

Nungunungu hakuinua kichwa. Alikuwa ananoa mwiba.

"Mchukulie vipimo," akasema. "Korongo bado lipo."