Kondoo wa Kisima Namba Tatu

Kila asubuhi kabla ya kuondoka, Orrin Haverkamp alisimama mlangoni mwa gari-nyumba lao, akasoma orodha yake, na mkewe Luella akaitikia kutoka ndani.

"Gesi?"

"Nimefunga."

"Ngazi?"

"Imeingia."

"Antena?"

"Imelala."

"Mbwa?"

Siku hiyo ya kumi na moja ya safari, Luella alichungulia dirisha la nyuma kabla ya kujibu.

"Yuko nje," alisema. "Anachunga."

Orrin alizunguka kwenda kuona. Biskuti, mbwa wao wa madoadoa, aliyezaliwa mjini huko Ohio na kulelewa juu ya zulia, alikuwa amekusanya kondoo tisa kati ya mapipa ya taka na choo cha kambi walikolala. Jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya miamba myekundu, lakini kondoo hawakuwa na vivuli. Midomo yao ilikuwa imepasuka, na mbavu zao zilihesabika.

"Hawa wamekufa zamani," alisema Luella, aliyekuja kusimama kando yake.

"Naona," alisema Orrin. "Mwite Biskuti twende, kabla lami haijapata moto."

Waliondoka. Kondoo waliwafuata kwa mwendo wa gari, bila kutimua vumbi. Kufikia mchana walikuwa zaidi ya arobaini. Huko Kayenta, mji mdogo wa jangwani, wakati Orrin anajaza mafuta, muuzaji alitoka dukani akawaangalia.

"Wenu hao?"

"Wa mbwa," alisema Orrin.

"Sawa. Mradi wasiingie dukani."

Safari hiyo ilikuwa ya Orrin. Katika miaka arobaini na sita ya ndoa, Luella alikuwa amesikia mara nyingi habari za kiangazi kimoja tu cha ujana wa mumewe, kiangazi alichofanya kazi katika nchi ya Wanavaho, wenyeji wa asili wa jangwa hilo, akiwa na miaka ishirini na mitatu. Kampuni ya machimbo ya urani, madini yenye sumu, ilimwajiri kupima maji ya visima. Alikuwa na gari la kampuni, kofia, na sanduku la chupa. Alisema hajawahi kuwa na furaha kama ile. Sasa alikuwa na miaka sabini na mitano na alitaka mkewe aione nchi hiyo kabla macho ya wote wawili hayajafifia.

Kilomita thelathini kaskazini ya Kayenta, Biskuti alianza kukwaruza mlango, naye akafunguliwa. Alipita mbele ya kondoo, akawageuza wengi wao barabarani, akawaingiza kwenye njia ya udongo upande wa kushoto. Waliobaki walisimama juu ya lami mbele ya gari.

"Si njia yetu hiyo," alisema Orrin.

"Geuza tu. Utawakanyaga."

"Hawakanyagiki hawa, Lu."

"Geuza."

Njia iliishia kwenye nyumba ndogo ya mbao, na pembeni yake nyumba ya zamani ya magogo na udongo, ya mviringo, yenye mlango unaotazama mashariki. Mwanamke wa miaka sitini na kitu alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akitoa miiba kwenye mguu wa mbuzi. Alimaliza mwiba aliokuwa nao, akamwachia mbuzi, akasimama. Alisema jina lake, Etta Bitsilly, kisha akataja ukoo wa mama yake na ukoo wa baba yake, kama inavyopasa kwao, akamwuliza Luella wa kwake.

"Sisi ni Walutheri wa Ohio," alisema Luella.

"Nimewahi kuwasikia," alisema Etta.

Aliwatupia kondoo jicho mara moja, akaona masikio yao ya kushoto, yaliyotiwa mikato miwili, kisha akaangalia kando.

"Alama ya mama yangu hiyo. Yule mwenye pembe iliyovunjika nilipewa mimi, nikiwa na miaka saba. Walikufa wote mwaka mmoja, pale kisimani."

"Basi wachukue, dada," alisema Luella. "Wamerudi nyumbani."

"Hapana. Vya wafu hatuvigusi sisi. Aliyewaleta ndiye mwenyewe."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kisha alilizunguka gari-nyumba. Nyuma yake palitundikwa kibao, kama watu wa magari hayo wanavyopenda, ili wageni wajue pa kuanzia salamu. Kiliandikwa: *Orrin na Luella Haverkamp, na Biskuti.* Etta alikisoma taratibu.

"Haverkamp," alisema. "Jina hilo ninalo ndani. Karibuni kahawa."

Walikaa mezani. Etta aliteka maji kwenye pipa, akayachemsha, akamimina vikombe vitatu. Halafu alitoa karatasi mbili kutoka kwenye kopo, akaiweka ya kwanza mbele ya Luella, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amevaa miwani. Ilikuwa orodha ya visima saba, vyenye namba badala ya majina. Mbele ya kila kisima paliandikwa kipimo cha urani katika maji, na neno *salama*. Chini kulikuwa na sahihi ya Orrin. Mwandiko wake haukuwa umebadilika sana.

Luella alikuwa amefundisha hesabu kwa miaka thelathini na moja. Alivisoma vipimo kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Vilikuwa sawa vyote saba, mpaka tarakimu ya mwisho. Alilijua darasa la namna hiyo: mtoto mmoja kafanya kazi ya nyumbani, wenzake sita wamenakili.

"Orrin," alisema.

"Barabara ilikuwa na tope wiki ile," alisema Orrin. "Nilizijaza chupa zote kwenye bomba la kambi ya kampuni."

Etta alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba tope analikumbuka.

"Nilikutafuta kwa barua miaka kumi na tisa," alisema. "Nikadhani umekufa."

"Bado."

"Figo za mama ziliisha. Za dada zangu wawili pia. Ofisi inasema kisima kilishapimwa, hakina neno, bomba litapelekwa kwenye shida kwanza. Ili kisima chetu, namba tatu, kifungwe na sisi tuletewe bomba, aliyepima aseme mwenyewe kwamba hakupima." Alisogeza karatasi ya pili. "Ni kusaini tu, mzee. Hapo chini."

Luella alimpa kalamu kutoka mkobani mwake. Orrin aliipokea, akasoma karatasi yote, akarudia. Nje, kondoo walikuwa wameizunguka nyumba, wamesimama kimya, vichwa vikielekea dirishani. Biskuti alipita nyuma yao huku na huku, akihakikisha hakuna anayetoka.

"Nikisaini hivi saba," alisema Orrin, "wataniuliza na vile vingine."

"Vingine vipi?" aliuliza Luella.

"Tope lilikaa kiangazi kizima, Lu."

Etta alikitazama kikombe kilicho mbele ya Orrin.

"Kahawa inapoa, mzee."

"Daktari kanikataza."

"Lini?" alisema Luella. "Asubuhi umekunywa vikombe viwili."

"Maji ni ya kisima namba tatu," alisema Etta. "Uliandika mwenyewe kwamba ni salama."

Orrin alikisogeza kikombe kwa kidole kimoja hadi kikafika katikati ya meza. Luella alikinywa chake mpaka chini. Hakusikia ladha nyingine ila ya kahawa. Kisha akavuta kile cha mumewe, akakinywa nacho. Orrin alimwacha anywe. Alifunga kalamu, akaiweka juu ya karatasi, sambamba na ukingo wake, akasema wangependa kufika lami kabla ya jioni.

"Saini, Orrin."

"Twende, Lu."

Etta aliikunja karatasi, akairudisha kwenye kopo. Aliwasindikiza hadi mlangoni, akamshukuru Luella kwa kuja.

Luella aliuliza kama kuna maji mengine karibu.

"Yapo," alisema Etta. "Mwendo wa kilomita sitini. Gari langu lina miaka miwili halijawaka."

Biskuti alikataa kupanda. Alikuwa na kazi, nao hawakumlazimisha. Orrin aligeuza gari polepole. Kondoo walimpisha, kisha wakajipanga nyuma yake, wote, hata yule mwenye pembe iliyovunjika, na mbwa akiwa mwisho wa kundi.

Luella alitazama kwenye kioo cha pembeni. Etta hakupunga mkono. Alichukua madumu mawili ya njano yaliyokuwa ukutani, akawaita mbuzi wake walio hai, akashika njia ya kisimani.