Sufuria ya Matone

Mume wangu Jacktone ni mvuvi, lakini kifua chake hakielewani na ziwa. Wale wadudu wadogo tunaowaita sam wakiinuka majini, pumzi inambana, anakaa ndani wiki nzima huku kisiwa chote cha Rusinga kikivua. Basi mwaka wa tisini na sita alipokuja Daktari Monari na matone yake, mimi ndiye niliyemkimbilia wa kwanza.

Matone yenyewe, yawa, yalitengenezwa kwa sam haohao. Daktari alisema kinga ya Jacktone inapiga mgeni kabla ya kumuuliza jina. Akionjeshwa wadudu kidogo kidogo, itawazoea. Kisha akatusomea fomu ndefu: wagonjwa kumi na wawili, nusu watapata dawa, nusu maji matupu, na hata yeye hajui nani kapata nini. Bila hivyo serikali haipitishi dawa. Akauliza kama tumeelewa. Tukaelewa, tukatia sahihi.

Alipoondoka tu, nikatoa sufuria yangu kubwa. Hebu niambie, utakunywa dawa jirani akinywa maji, halafu kesho uende kwake kuomba moto? Kizuri kula na nduguyo. Wagonjwa wote kumi na wawili wakaleta chupa zao, tukazimimina humo, nikakoroga, tukazijaza tena sawasawa. Kila mwezi alipoleta nyingine, tulifanya hivyohivyo.

Na Jacktone akarudi ziwani. Siku ile nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Mwezi wa sita daktari alikuja amenuna. Wagonjwa wote wamepata nafuu, alisema, lakini wa maji wamepona sawa na wa dawa. Kwa hivyo kamati ya Nairobi imeamua dawa haifanyi kazi, na chupa zirudishwe.

Nikamweleza habari ya sufuria. Akakaa chini, juu ya wavu wa Jacktone.

"Mama Phelesia, nani aliwaambia mchanganye?"

"Si wewe ulitusomea kwamba nusu ni maji? Na tulielewa."

Akasema akiliandika hilo, kamati itaufuta utafiti wote. Asipoliandika, dawa imekwisha kukataliwa. Nikamwomba basi anitazamie chupa ya mume wangu. Akafungua orodha aliyopewa na kamati, akaisoma mara mbili.

"Jacktone alipangiwa maji."

Akapakia chupa zote kwenye gari. Jumatatu sam wakainuka. Nikafunga madirisha, nikakaa nyuma ya Jacktone, nikamshika mgongo nikihesabu pumzi.