Kundi Lililopigiwa Kura

Ofisini kwetu kazi ni kuangalia madoa. Darubini iliyo huko juu inapokea eksirei kutoka mbingu nzima, kompyuta inachagua yanayong'aa, kisha sisi tunasema hili ni kundi la galaksi, hili si lolote. Kundi halisi hutapakaa, maana gesi yake ya moto imejaa kati ya galaksi zake. Doa lililojikusanya kama kitone mara nyingi ni shimo jeusi linalojilia vyake, halina habari na mtu. Hakuna doa linaloingia kwenye orodha mpaka wasomaji wawili wakubaliane. Msomaji wa kwanza ni bosi. Wa pili nilikuwa mimi, na kiti kile nilikitolea jasho hasa.

Bosi tunamwita Profesa Tayari. Doa lilipojitokeza Jumatatu, Jumanne alikuwa ameshawaita waandishi wa habari waje kuona kundi kubwa kuliko yote tuliyowahi kuorodhesha. Suti mpya, kikohozi cha hotuba, kila kitu. Haraka haraka haina baraka, lakini methali hiyo yeye anawaachia wenye muda.

Mimi nikalikuza doa. Halikutapakaa.

"Profesa, hili si kundi," nikamwambia. "Ni vitone viwili, kompyuta imevichanganya. Nimelinganisha na picha za darubini ya kawaida. Kimoja kiko mbali mara tatu ya mwenzake, hata havijuani."

Akavua miwani. "Umesema vingapi?"

"Viwili."

"Mtu mmoja ni mtu. Wawili je?"

"Wawili ni wawili."

"Wawili ni kundi, mama! Kiswahili unakijua au tukufundishe?"

Nilicheka, nikidhani anatania. Kumbe msomi mzima ameokota hoja! Akaibeba mpaka ukumbini na kuitisha kikao. Wataalamu wenye vyeti vya kufunika ukuta wakabishana asubuhi nzima kama wawili ni kundi. Mmoja alisema kundi huanzia watatu. Alipotupiwa jicho akaomba radhi, akasema inategemea na muktadha. Picha yenyewe hakuna aliyeitazama. Mwishowe Profesa akasema tupige kura, nadhani ili mbingu nayo ijue msimamo wetu.

Mikono ikapanda. Nikamtafuta mume wangu. Tunafanya kazi chumba kimoja, na jana yake jikoni ndiye aliyeniambia, "Mke wangu, uko sahihi. Vitone viwili hivyo hata kipofu anaviona." Sasa alikuwa anazikagua kucha zake. Mkono wake ukapanda taratibu, ukaishia usawa wa sikio. Siwezi kusema nilishangaa. Niliumia.

"Anayepinga?"

Nikanyoosha wangu, peke yangu.

"Tunashukuru kwa msimamo wako," Profesa akasema. "Ila msomaji wa pili anatakiwa awe mtu wa kukubaliana." Watu wakacheka, nami nikatoka kabla machozi hayajaniaibisha.

Jioni mume wangu alichelewa. Alipoingia alikuwa ameshika maua, yeye ambaye hata posa aliileta mikono mitupu.

"Usikasirike," akasema. "Profesa ameniomba nishike nafasi."

"Nafasi gani?"

Aliyaweka maua mezani, akayapanga, akayapanga tena.

"Si angempa mtu baki," akasema. "Bora kiti kibaki nyumbani."